Tromboni ya bei nafuu bila kuingizwa mjini: mwongozo kwa wanafunzi na wapiga harusi



Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na vijana wa matarumbeta ni hili: "Kaka, nina laki 3, ninunue tromboni gani?" Wengine wana laki na nusu, wengine wana milioni, lakini swali ni lile lile. Leo nimeamua kulijibu kwa kirefu, ili ukitoka hapo kafe uwe umeprinti au umenakili kwenye daftari, usije ukatapeliwa huko mbele ya safari.

Kwa nini nimelivalia njuga jambo hili? Kwa sababu pesa zinazopotea hapa si za matajiri. Ni michango ya kwaya, ni akiba ya mama, ni posho za harusi za mwaka mzima. Nimekaa na vijana wa kikundi kimoja waliochangishana kwa miezi, wakaagiza tromboni inayong'aa kama dhahabu, ikaja, na slaidi yake inakwama katikati kama droo ya kabati bovu. Mtoto waliyempa ajifunze alihangaika nayo muhula mzima, mwisho akasema, "Mwalimu, mimi sina kipaji." Jamani! Kipaji anacho. Chombo ndicho kibovu. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma: pesa zitatafutwa tena, lakini mtoto aliyeaminishwa kwamba hawezi, humrudishi kirahisi.

Basi tuanze na mambo ya msingi.

TROMBONI NI NINI HASA?

Tromboni ni lile tarumbeta la kuvuta. Tromboni ya kawaida, ile ya tena, ni bomba la urefu wa karibu mita 2.7 lililokunjwa, likiishia na beli, yaani ule mdomo mpana wa mbele. Haina vidude vya kubonyeza kama trampeti. Badala yake ina slaidi, na slaidi ina nafasi 7. Ukiwa nafasi ya 1 slaidi imefungwa, bomba ni fupi. Kila ukisogeza nafasi moja mbele unarefusha bomba, na sauti inashuka nusu toni. Noti nyingine unazipata kwa kubana au kulegeza midomo. Ukiwa nafasi ya 1 tu, bila kusogeza mkono, unapata B-flati, F, B-flati ya juu, D, F na kuendelea.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo siri ya ununuzi ilipo. Slaidi ni mabomba mawili ya ndani na mawili ya nje yanayovaana. Nafasi kati ya la ndani na la nje ni ndogo mno, hewa isipite, lakini wakati huo huo la nje liteleze bila kugusa. Bomba moja likipinda kidogo tu, au mawili yasipokwenda sambamba, basi tena, umenunua pambo la sebuleni. Kwa hiyo unapolipa pesa ya tromboni, unalipia slaidi. Rangi, mng'aro na maua yaliyochorwa kwenye beli ni mbwembwe tu.

Upande mwingine kuna habari njema. Kwa kuwa tromboni haina valvu wala springi nyingi, vitu vya kuharibika ni vichache. Tromboni ya miaka 40 yenye slaidi nzima inapiga vizuri kuliko mpya ya ovyo iliyotoka dukani jana. Ndiyo maana mimi ni mtu wa mtumba, na nitaeleza.

HILI JAMBO SI LA WAZUNGU PEKE YAO

Kuna wanaoniuliza, "Tromboni inatuhusu nini sisi?" Mdogo wangu, vyombo vya shaba vina zaidi ya miaka 100 huku kwetu. Ngoma ya beni, ambayo jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza kwenye miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa mpaka Tanga, Dar es Salaam na bara. Wamisionari wa Kijerumani walileta desturi ya bendi za shaba za kanisani, na mpaka leo sharika nyingi za Kilutheri Tanzania zina matarumbeta yao. Kenya, Jeshi la Wokovu lina bendi zake. Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics unafundisha watoto vyombo vya okestra, na Uganda shirika la Brass for Africa limekuwa likipeleka vyombo vilivyotumika kutoka Uingereza. Na Dar, mtu akioa, pikapu inatangulia na matarumbeta yanapigwa mpaka mtaa mzima unatoka nje.

Na kuna kisa kimoja ambacho vijana wengi hawakijui. Afrika Kusini miaka ya 1950, padri wa Kianglikana Trevor Huddleston aliwatafutia vyombo wanafunzi, bendi ikaitwa Huddleston Jazz Band. Humo walikuwemo Hugh Masekela kwenye trampeti na Jonas Gwangwa kwenye tromboni. Gwangwa (1937 hadi 2021) alikuja kuwa mmoja wa wapiga tromboni wakubwa kabisa wa Afrika. Huyo huyo Huddleston baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, kuanzia 1960 mpaka 1968. Ona jinsi chombo kimoja kikiwekwa kwenye mkono unaostahili kinavyofika mbali.

UKUBWA WA BOMBA: USINUNUE SHATI LA BABA

Tromboni zinatofautiana kipenyo cha ndani cha bomba la slaidi. Hili wengi hawaliulizi kabisa, na ndilo la kwanza kuuliza.

Ndogo: kipenyo cha karibu milimita 12.2 hadi 12.9. Hizi zinahitaji pumzi kidogo, sauti yake ni kali na inakwenda mbele. Ndizo za kujifunzia, za dansi, za jazi, za rege, na ndizo za harusi. Yamaha YSL-354, tromboni ya wanafunzi inayojulikana dunia nzima, ina milimita 12.7. King 3B, ambayo wana jazi wengi waliipenda, ina karibu 12.9.

Za kati: karibu milimita 13.3. Bach 36 iko hapa. Ni nzuri kwa anayepiga kanisani leo na dansi kesho.

Kubwa: karibu milimita 13.9. Bach 42 na Conn 88H ziko hapa. Sauti nene, tamu, ya okestra. Lakini zinakula pumzi. Ukimpa mtoto wa miaka 12 atazunguliwa na kizunguzungu, na ukienda nayo kwenye harusi ya saa 6 juani, jioni utakuwa huna midomo.

Kwa hiyo mwanafunzi na mpiga harusi, chukua ndogo. Nasema hivi kwa sababu kuna wauzaji wanaokwambia "kubwa ndiyo ya kitaalamu". Ni ya kitaalamu kwa kazi yake. Lori ni gari zuri, lakini hulinunui kwa ajili ya kupelekea watoto shule.

TRIGA UNAIHITAJI?

Utaona tromboni nyingine zina mabomba ya ziada nyuma na kidude cha kubonyeza kwa dole gumba la kushoto. Hiyo ni valvu ya F, wengi tunaiita triga. Ukibonyeza, inaongeza karibu mita 1 ya bomba, na tromboni ya B-flati inakuwa ya F. Faida yake ni mbili. Unapata noti za chini ambazo tromboni ya kawaida haina, na noti ya C ya chini ambayo kwa kawaida iko nafasi ya 6, unaipata nafasi ya 1. Kwa mtoto mwenye mkono mfupi hilo si jambo dogo, maana nafasi ya 6 na ya 7 ziko mbali.

Hasara zake? Bei inapanda, uzito unapanda, na ile rota ndani inataka mafuta yake na fundi anayeijua. Ikikwama huku kwetu, unaweza kukaa nayo miezi. Msimamo wangu: kama hupigi muziki wa okestra, pesa ya triga iweke kwenye slaidi nzuri. Mtoto mdogo, hizo nafasi za mbali atazikuta mbele ya safari. Nyimbo nyingi za kuanzia zinatumia zaidi nafasi ya 1 mpaka ya 4.

Kuna pia tromboni za valvu, zisizo na slaidi kabisa, zinabonyezwa kama trampeti. Kwenye pikapu iliyojaa watu zinasaidia, hakuna wa kumgonga kisogoni. Mtu aliyetoka kwenye trampeti anaizoea siku hiyo hiyo. Lakini kwenye slaidi unarekebisha tuni kwa mkono wakati unapiga, kwenye valvu huna uhuru huo, na ule mlio wa kuteleza watu wanaoupenda hutaupata. Mwanafunzi asianzie huko.

SASA TUJE KWENYE MFUKO

Bei zinabadilika, dola inapanda na kushuka, kwa hiyo chukua hizi kama kipimo cha kulinganisha.

1. Ya plastiki. Hii ilianza kuonekana madukani Uingereza karibu mwaka 2010, jina lake pBone. Mwili ni plastiki ya ABS, uzito chini ya kilo 1, kipenyo 12.7 kama cha Yamaha ya wanafunzi. Mpya inakwenda kati ya dola 100 na 200. Watu waliicheka, mimi sicheki. Haipati mbonyeo, haiozi kwa mate, mtoto akiiangusha mara nyingi inapona. Slaidi yake si nyepesi kama ya chuma, na sauti haina ule ukali wa shaba, kwa hiyo kwenye harusi ya barabarani inaweza kumezwa na trampeti. Kwa mtoto wa kuanzia, au shule yenye watoto 20 na bajeti ya watoto 3, ni nunuzi la akili. Ila jihadhari, nayo ina feki zake.

2. Mpya ya chuma isiyo na jina. Nyingi zinatoka China, nyingine India, hasa mji wa Meerut ambako mtaa wa Jali Kothi umetengeneza vyombo vya bendi za harusi kwa vizazi. Bei mara nyingi ni dola 150 hadi 300. Sitaki kusema zote mbovu, nitakuwa nawaonea. China kuna viwanda vinavyotengeneza vizuri sana, hata kwa majina makubwa. Tatizo ni kwamba hizi zisizo na jina hazifanani: ya kwanza nzuri, ya pili haivutiki. Kanuni yangu ni moja tu. Usinunue ya namna hii bila kuivuta kwa mkono wako mwenyewe. Kama huwezi kuigusa kabla ya kulipa, achana nayo.

3. Mtumba wa jina. Hapa ndipo pesa yako inapata heshima. Yamaha YSL-354 iliyotumika, ikiwa nzima, mara nyingi inapatikana kwa dola 300 hadi 500, wakati mpya inaweza kupita dola 1,000. Tafuta pia za wanafunzi za King, Conn, Bach na Jupiter. Na ukikutana na Olds Ambassador ya Marekani, usiicheke kwa uzee wake. Kampuni ya Olds ilifungwa 1979, lakini vyombo vyake vya shule vilikuwa vigumu kama jiwe na vingi bado vinapiga. Faida nyingine ya mtumba wa jina: ukitaka kuiuza baada ya miaka 3, utapata karibu pesa ile ile uliyonunulia. Isiyo na jina ukiiuza, unauza vyuma chakavu.

4. Mpya ya jina. Kama una mfadhili au shule inalipa, nunua, pokea risiti na dhamana. Kama ni pesa yako ya jasho, rudi namba 3.

HESABU YA MPIGA HARUSI

Twende taratibu. Tuseme kila harusi, ukitoa nauli na chakula, unabakiwa na sh 20,000. Tromboni ya mtumba wa jina ya sh 800,000 italipwa na harusi 40. Ile isiyo na jina ya sh 250,000 italipwa na harusi 13. Kwa haraka haraka utasema ya pili ndiyo nafuu. Lakini ikichoka kila mwaka na ukainunua mara 3, umeshatoa 750,000 na mkononi huna kitu cha kuuza. Na hapo sijahesabu siku slaidi iliyokwama ikakuacha umesimama unawatazama wenzako wanatuzwa. Kiongozi wa bendi hakuulizi kwa nini imekwama. Jumamosi inayofuata anamwita mwingine.

VIPIMO VYA DAKIKA 10 KABLA HUJATOA PESA

Hivi vinakili kabisa. Havihitaji ujuzi wa kupiga, hata mzazi anaweza kuvifanya.

Kwanza, chomoa slaidi kutoka kwenye beli. Fungua kilokoo chake, ishike wima kwa mkono mmoja kwa ile sehemu ya ndani, mkono wa pili ukae chini tayari kudaka. Iachie polepole. Bomba la nje linatakiwa kushuka lenyewe kwa uzito wake, laini, bila kusita. Likisimama njiani, kuna mbonyeo au mabomba yamepinda.

Pili, chomoa bomba la nje kabisa na uyapeleke mabomba ya ndani kwenye mwanga. Kwenye ncha zake kuna sehemu iliyonenepa kidogo, hiyo ndiyo inayoteleza. Inatakiwa iwe nyeupe, inang'aa, imepakwa kromu. Ukiona imebambuka na shaba ya njano inaonekana, acha. Kupaka upya ni kazi ya karakana maalumu na gharama yake inaweza kuzidi bei ya chombo.

Tatu, pitisha vidole polepole juu ya bomba la nje lote. Mbonyeo mdogo kama punje ya mtama kwenye bomba la slaidi ni mbaya kuliko bonde kubwa kwenye beli. Beli iliyokunjamana inatia aibu tu, bado inapiga. Ukikuta beli imeumia lakini slaidi ni safi, shangilia moyoni, uso ukunje, kisha omba upunguziwe.

Nne, kipimo cha hewa. Slaidi ikiwa imefungwa, ziba kwa dole gumba tundu moja la juu, lile jingine azibe mwenzako, kisha vuta bomba la nje kidogo. Linatakiwa likatae, kama bomba la sindano ulilolizibia mbele. Likija bila ubishi, hewa inavuja. Angalia kwanza kitundu cha kutolea mate kule chini: kizibo chake kikiwa kimechakaa, hiyo ni tiba ya pesa ndogo. Kama kizibo ni kizima na bado inavuja, mabomba yamechoka.

Tano, tafuta ugonjwa wa shaba. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu karibu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mate yakikaa ndani miaka mingi, zinki inatoka na chuma kinabaki dhaifu. Dalili ni madoa ya waridi au mekundu, kila moja na kitone cheusi katikati, hasa pale kwenye bomba la kwanza baada ya kipulizio na kwenye kona ya slaidi. Hilo halisuguliki likaisha. Linaoza kutoka ndani.

Sita, tazama maungio. Kama kuna lehemu imemwagika kama uji, ujue fundi wa mtaani ameshapita hapo. Uliza ilivunjika nini.

Saba, kama kuna triga, ibonyeze mara 20 haraka. Irudi yenyewe, isigonge kama nyundo, isichelewe.

Unanunua kupitia mtandao? Mwambie muuzaji atume video ya kipimo cha kwanza na picha ya ncha za mabomba ya ndani. Muuzaji mkweli atatuma. Anayekuletea longolongo, eti simu haina kamera, eti kuna mteja mwingine anakuja saa 10, eti tuma nusu kwanza, huyo muage kwa amani. Picha iliyo safi mno kama ya kalenda, mara nyingi imenyofolewa kwenye tovuti ya kampuni.

KIPULIZIO KINA MANENO YAKE

Kipulizio ni kile kikombe unachoweka mdomoni. Tromboni nyingi za wanafunzi zinakuja na cha ukubwa wa 12C, kidogo, chepesi kuanzia. Baada ya mwaka mmoja au miwili wengi wanahamia 6½AL, ambacho kinatoa sauti nene zaidi. Sasa angalia: mikia ya vipulizio iko ya aina mbili, mwembamba na mnene. Tromboni ndogo zinachukua mwembamba, kubwa zinachukua mnene, na 6½AL inauzwa kwa mikia yote miwili. Ukinunua usichouliza, kitacheza ndani ya bomba au hakitaingia. Kwa pesa kidogo, kipulizio kizuri kinaweza kuibadilisha tromboni yako kuliko kubadilisha tromboni nzima.

Kikinasa, usitumie koleo! Narudia, usitumie koleo. Bomba la kwanza litajinyonga na hapo umeua chombo. Kuna kifaa maalumu cha kuking'oa, bendi za jeshi na polisi mara nyingi wanacho.

GHARAMA ZILIZOJIFICHA

Watu wanahesabu bei ya chombo wanasahau mengine. Usafirishaji wa boksi refu ni ghali. Bandarini au uwanja wa ndege kuna ushuru na kodi, TRA au KRA hawana undugu, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Mkoba mgumu ni lazima, maana slaidi ndani ya mfuko wa nguo kwenye daladala haimalizi mwezi. Na kuna kilainishi cha slaidi. Cha dukani kipo, lakini wazee wa kazi miaka na miaka wametumia krimu baridi ya uso, kiasi kama punje ya mchele kwenye kila ncha, halafu unapuliza maji kwa kichupa cha dawa. Inafanya kazi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya cherehani na grisi ya gari, hapana. Yanashika vumbi na slaidi inakuwa kama msasa.

Ukimaliza kupiga, toa mate, futa mabomba ya ndani kwa kitambaa laini, funga kilokoo cha slaidi kabla hujainyanyua. Mara moja kwa mwezi osha ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto yatabambua vanishi. Kazi ya nusu saa inakuongezea miaka.

KWA VIKUNDI NA SHULE

Mkinunua kwa mchango, andikeni. Namba iliyochongwa kwenye chombo iingie kwenye daftari, pamoja na jina la anayekaa nacho na tarehe. Tengeni akiba kidogo ya matengenezo kila mnapopata kazi. Na kama pesa inatosha tromboni 3 mbovu au 1 nzuri, nunueni 1 nzuri, watoto wapokezane kila mmoja na kipulizio chake. Kupokezana chombo kizuri kunafundisha. Kumiliki kibovu kunakatisha tamaa.

Kwa ufupi, wadau: bomba dogo, bila triga, mtumba wa jina, slaidi kwanza, beli baadaye. Mtoto wa kuanzia na mfuko mwembamba, plastiki inatosha kwa sasa.

Wenye uzoefu wa Mwanza, Arusha, Mombasa, Kampala au Bujumbura, mtujuze hapo chini fundi mzuri anapatikana mji gani na bei za mitumba zikoje huko. Na kama una tromboni umeiona mahali na hujui uichukue au uiache, andika jina lake na namba ya modeli kwenye maoni, nitajibu. Ila kipimo cha kwanza uwe umeshakifanya, usinichoshe bure!